Kiuno cha fundi cherehani na kliniki ya fiziotherapia, Mbeya mjini

Naandika haya kwa mafundi wenzangu wa Mwanjelwa, kwa akina mama wa viazi wa Uyole, na kwa yeyote ambaye kiuno kimemsumbua miezi na miezi mpaka ndugu wameanza kunong'ona habari za upasuaji. Nimetibiwa kwenye kliniki ndogo ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na kuchua, maeneo ya Soweto, hapa Mbeya mjini. Sijachomwa sindano ya mgongo, sijapasuliwa, na sasa hivi nashona kutwa. Kiuno hakijapona moja kwa moja, ila nimekimudu. Pesa niliyolipa pale siijutii.

Mimi nashona sare za shule. Novemba ikiingia hadi shule zifunguliwe Januari, fundi wa sare hana Jumapili. Maumivu yalianzia chini ya kiuno, upande wa kulia, yakawa yanashuka mpaka kwenye tako na nyuma ya paja. Juni na Julai, baridi yetu ikikaza, kuinama kufunga kamba za viatu asubuhi ilikuwa kazi nzito. Miezi mitatu ilipita yakiwa palepale, na wataalamu husema yakivuka hapo yameshakuwa maumivu sugu.

Kabla ya hapo nilishaishi na diklofenaki za duka la dawa, zikatuliza kiuno na kuniwashia tumbo. Shemeji yangu akanipeleka kwa watu wenye ile mashine inayodaiwa kusoma mwili mzima. Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inatoa makaratasi, unaambiwa ini, figo na mifupa vyote vina matatizo, halafu unaonyeshwa makopo ya virutubisho ya kununua. Hakuna aliyeniambia nivue koti. Hakuna aliyekigusa kiuno. Niliondoka bila kopo, na hasira yangu kwa wanaowafanyia hivi wagonjwa haijapoa mpaka leo.

Kule Soweto mambo yalikuwa mengine kabisa. Mtaalamu ni kijana, aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti, akaanza kuuliza. Je, mama, mkojo unaushika vizuri? Choo je? Kuna ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli? Mguu unalegea? Umepungua uzito, unapata homa, unatoka jasho usiku? Uliwahi kuugua kifua kikuu au saratani? Nilimuuliza kwa nini anahangaika na kifua wakati mimi naumwa kiuno. Akanieleza kwamba kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, na kwamba mtu aliyeshindwa kuzuia mkojo au aliyepata ganzi sehemu za siri anatakiwa akimbizwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu neva za chini zinaweza kuwa zimebanwa, na hapo upasuaji hauna mbadala. Mtu wa namna hiyo yeye hamgusi, anamwandikia barua ya rufaa. Mimi hapo ndipo nilipomwamini.

Nilikuwa na picha ya eksirei iliyoandikwa kwamba pingili zimeanza kulika. Nilikuwa naibeba kama hati ya hukumu. Akaiangalia juu ya dirisha, akasema, "Mama, hata mimi ukinipiga picha utakuta kitu." Baadaye nilijisomea mwenyewe: mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za migongo ya watu wasioumwa hata kidogo. Dalili za kuchakaa kwa diski, vile visahani laini vilivyo kati ya pingili, zilikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Na wote hao walikuwa hawaumwi. Kwa hiyo ukiambiwa pingili zimelika, usikimbilie kuuza shamba.

Kilichonivutia zaidi ni stuli. Aliniwekea stuli na meza, akasema nijifanye nashona. Nikainama kama ninavyoinama dukani. Alizunguka akiniangalia kama fundi anavyolikagua gauni mwilini kwa mteja, kisha akaonyesha kwa kidole: stuli iko chini mno, shingo imefuata sindano, na pedali naikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto nimeukunja chini ya kiti. Nimeshona miaka yote na hakuna mteja wala daktari aliyewahi kuniambia hilo. Tukarekebisha. Blanketi lililokunjwa juu ya stuli, cherehani nimeivuta karibu, miguu yote miwili kwenye pedali. Na kila shati likiisha nasimama: nyuzi nakatia nikiwa nimesimama, vifungo nachagua nikiwa nimesimama. Hilo la nyuzi halina gharama yoyote, na ndilo ninalomwambia kila fundi.

Mazoezi yenyewe ni machache. Unalala chali, magoti umekunja, unanyanyua makalio juu taratibu na kushusha taratibu. Unapiga magoti na mikono chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, kisha unabadilisha. Hapo aliniwekea kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno, kisimwagike. La tatu ni kutembea. Kutoka Mwanjelwa kwenda nyumbani sipandi tena bajaji kama sina mzigo. Wiki za mwanzo misuli iliuma, akaniambia kuuma huko siyo kuharibika. Siku kiuno kikipandisha, sipandi kitandani. Napunguza kazi, natembea kidogo kidogo mpaka kishuke.

Kuchua anachua, lakini kwa muda mfupi, kisha anakurudisha kwenye mkeka. Kuna wateja wanaokasirika hapo. Wanataka walale, wachuliwe, waende zao. Nawaelewa, maana kuchuliwa kunapendeza, lakini mimi nilipata nafuu ya kudumu kwenye mkeka.

Sasa niseme nisiyoyapenda. Kliniki iko ghorofani na ngazi ni kali, wakati nusu ya wagonjwa ni watu wanaoumwa magoti. Pazia linalotenganisha vitanda ni jepesi, ukieleza mambo ya choo chako jirani anasikia. Bima yangu haikukubaliwa, nililipa taslimu, 20,000 kwa kila kikao, na kwa fundi hiyo si ndogo. Pia kuna mashine ya umeme, ile ya vibandiko vinavyotekenya ngozi, inalipiwa pembeni. Waulize vizuri kabla hujakubali. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, na mashine hiyo imo kwenye orodha ya vitu ambavyo halishauri vitumike kwa kawaida, pamoja na mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Yanayokubalika ni mazoezi yenye mpangilio, elimu kwa mgonjwa, tiba ya mikono kama kuchua, msaada wa kisaikolojia, na dawa za jamii ya diklofenaki, ambazo ni za kutumia kwa uangalifu. Nilipomuuliza yule kijana, hakubisha. Alisema mashine inatuliza wakati imewashwa, ikizimwa umerudi ulipokuwa. Nilimheshimu kwa kusema ukweli, ila basi wangeiondoa kwenye bei zao.

Wengine hawapati nafuu niliyoipata mimi. Mzee mmoja wa Tukuyu tuliyekuwa tunakutana pale, akimaliza anaaga chumba kizima kwa "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, mguu wake ulizidi kulegea. Hawakuendelea kumlipisha vikao. Walimwandikia rufaa aonwe na daktari wa mifupa. Kliniki inayojua kusema "hapa siyo kwetu" naipa alama za juu kuliko yenye mashine za kumeremeta.

Ukienda, vaa suruali ya kulegea ndani ya kanga, maana utalala chini na kunyanyua miguu. Beba picha na vyeti vyote ulivyonavyo, na majina ya dawa unazomeza, hasa kama una presha au vidonda vya tumbo. Jumamosi kuna foleni, katikati ya wiki mchana kunakuwa na nafasi. Wenye magoti wapige simu kwanza, kijana huwa anashuka kuwapima kwenye chumba cha chini.