Kamusi ya elfu 25, farasi juu

Hii kamusi ya Kiingereza-Kiswahili jina silitaji, niliichukua Posta kwa elfu 25, nimemwomba jamaa apunguze kagoma. Jalada gumu, karatasi nzuri, maandishi madogo ila yanasomeka, na kwa mtoto wa fomu wani inamtosha kabisa. Tatizo ukiwa mtu wa kutafsiri kama mimi.

Nilipewa makala ya muvi za zamani, ndani kuna ile Cavalcade ya 1933 iliyobeba Oscar ya filamu bora, nikafungua kamusi nikakuta maneno matatu tu, "msafara wa farasi", basi nikaandika hivyo hivyo nikatuma. Mhariri kanipigia, "Kaka, mbona hao farasi siwaoni?" Kumbe ni stori ya familia ya London kuanzia mkesha wa mwaka 1900, mara vita ya Makaburu, mara Titanic, mara vita kuu ya kwanza, yaani kinachopita mbele yako ni miaka yenyewe. Na Waingereza kwenye maandishi yao ndo wanavyolitumia hilo neno, mlolongo wa mastaa, wa vituko, wa makosa, lakini kamusi haina hata mfano mmoja.

Ikabidi nihamie etymonline, tovuti ya asili ya maneno ya Kiingereza, bure kwenye simu, nikazamazama humo na kwingine mpaka saa saba usiku. Neno limetoka Kitaliano, cavalcata, na nyuma yake yupo caballus wa Kilatini, na huyu hakuwa farasi wa mabwana jamani, wa mabwana aliitwa equus, caballus alikuwa farasi wa kazi, wa kubebeshwa mizigo, sasa maandamano yote yale ya wafalme na matarumbeta jina wamelipata kwa huyo masikini 😂 Halafu Wamarekani wakaja kukata kipande cha mwisho wakabandika kwenye gari, ikawa motorcade, ndo hii inayotufungia barabara mkubwa akipita. Sisi "msafara" wetu umetokana na safari tu, haudai mnyama yeyote, ndo maana hata wa mamba upo na kenge wamo.

Kwa hiyo ile muvi niliishia kuiita "Msafara wa Miaka", mhariri kapitisha.

Nyota tatu, mbili nimezikata kwa kukosa mifano. Nilirudi kumuuliza muuzaji kama lipo toleo jipya, akasema lipo, ni hilo hilo ila jalada la bluu.