i5 mbili, steshenari moja: OptiPlex 7010 na EliteBook 840 G3

Steshenari yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ina mashine mbili, zote zimebandikwa stika ya Core i5, jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Moja ni Dell OptiPlex 7010 ya mezani, toleo la 2012. Nyingine ni laptopu ya HP, EliteBook 840 G3, ya 2016. Wateja wakiziangalia wanaamini laptopu ndiyo yenye nguvu, maana ni nyembamba na inang'aa. Kazi ikipamba moto, ni lile boksi jeusi chini ya meza linaloniokoa.

Siri iko kwenye namba inayofuata baada ya hiyo i5, ambayo wauzaji wetu wengi hawaitaji mpaka uwabane. OptiPlex yangu ina i5-3470: viini vinne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), kasi ya GHz 3.2, na prosesa imeruhusiwa kula hadi wati 77. Ile 840 G3 ina i5-6300U: viini viwili tu, GHz 2.4, wati 15. Herufi U ya mwisho maana yake prosesa imebanwa ili isichemke mapajani na isimalize betri. Kwa hiyo upya wa miaka minne haukutosha kufidia viini viwili vilivyopungua. Muuzaji anayekwambia "zote i5 hizo, dada" hajakudanganya, ila hajakusaidia pia.

Kwa barua ya Word au fomu ya maombi hutaona tofauti yoyote. Subiri wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, walete ripoti za mradi. Huyu ana faili la kurasa mia lililojaa picha za simu ambazo hakuzipunguza hata moja, mwenzake anataka pasipoti saizi, Chrome iko wazi na tabo hazihesabiki, na mimi nageuza yote kuwa PDF. OptiPlex inatafuna. Laptopu inaanza kupuliza feni, kishale kinazunguka, na mteja ananikodolea macho kama mimi ndiye nimekwama.

Hata hivyo, 7010 ilivyokuja kutoka dukani ilikuwa mzigo, kwa sababu ya diski yake ya zamani ya kuzunguka, hadi diski (HDD). Hadi diski ya aina ile husoma kama MB 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hukaribia 550. Prosesa ilikuwa nzima siku zote, ilikuwa inasubiri diski tu. Nikaweka SSD ya GB 256, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zilizo wazi, nikaifikisha GB 8 za DDR3, aina inayoingia kwenye 7010, ambazo mafundi wa hapa wanazo kwenye droo. Ukinunua, usikubali kupewa OptiPlex 790 kwa jina la 7010. Zinafanana kwa sura, lakini 790 ni ya 2011 na haina USB 3.0, ile ya kasi zaidi. Tafuta matundu ya USB ya bluu.

Bei sasa. OptiPlex peke yake niliipata kwa laki mbili, SSD na RAM elfu tisini hivi, kioo (skrini) cha mtumba elfu themanini, kibodi na mausi vya kuungaunga. 840 G3 niliichukua laki nne na themanini, ikiwa na SSD na RAM GB 8 tayari. Ukijumlisha, tofauti si kubwa kama wapenzi wa kompyuta za mezani wanavyopenda kusema. Tena Wi-Fi ya mezani hununuliwa pembeni. Mimi natumia intaneti ya simu kwa waya wa USB.

Halafu kuna umeme. Radi zetu za masika zikianza, OptiPlex inazima na kazi yote isiyohifadhiwa. Laptopu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ila printa nayo imezima, kwa hiyo ushindi wa laptopu dukani kwangu ni wa kuandika tu, karatasi hazitoki. Nikanunua UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta ya mezani, dakika chache za kuhifadhi zinanitosha. Mwanafunzi wa hosteli hana haja ya hesabu hizi: achukue laptopu.

Laptopu ipi, hapo ndipo nagombana na watu. Mama mmoja wa Uyole alikuja na picha ya laptopu mpya ndani ya boksi, anampelekea binti yake chuo cha Mkwawa, Iringa. Celeron N4020 (prosesa ya bei nafuu), viini viwili, RAM GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi, hifadhi GB 64. Bei karibu sawa na 840 G3. Nikamwambia, mama, gunia za viazi za kupandisha mlima mkali hazibebwi na bodaboda eti kwa sababu ni mpya. Ile 840 G3 inaizidi Celeron hiyo kwa mbali, na ina nafasi mbili za RAM unazoweza kuongeza kesho. GB 64 zinaliwa na Windows na masasisho yake kabla binti hajahifadhi hata mhadhara mmoja.

Kichekesho ni kwamba Windows 11 inaikubali rasmi Celeron hiyo na kuzikataa mashine zangu zote mbili, kwa sababu upande wa Core inataka kizazi cha nane kwenda juu; zangu ni cha tatu na cha sita, kama tarakimu ya kwanza baada ya i5 inavyoonyesha. Zinabaki na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikwisha 14 Oktoba 2025. Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inakwenda vizuri kwenye zote, lakini faili za Word za wateja hufunguka mistari imehama, na hapo biashara inaharibika. Mwenye hela ya kuongeza aruke moja kwa moja hadi 840 G5 ya 2018 yenye i5-8350U: viini vinne, na Windows 11 inaikubali.

Kabla hujalipa, iwashe uandike. Nyingine zinatoka Ujerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi, na kila "ya" unayoandika inakuwa "za". Kwenye laptopu, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uliobaki. Kwenye ya mezani, angalia tarehe. Ikirudi miaka nyuma kila ukichomoa waya, kibetri cha CR2032 kimekufa, na tovuti nyingi zitagoma kufunguka kwa sababu ya tarehe hiyo tu. Kinauzwa bei ya soda. Muuzaji akiweke yeye.

Bei nilizotaja ni za Mbeya mjini. Ukiagiza Kariakoo utapunguziwa kidogo, ila ongeza nauli ya mzigo kwenye basi, na mkubaliane mapema nani atalipa ya kuirudisha.