Kueleza prosesa kwa XML: uzoefu wangu na IP-XACT

Kuna kazi moja ambayo IP-XACT imenifaa mno, nayo ni kutunza ramani ya rejista, yaani orodha ya anwani za visanduku vidogo vya data ambavyo programu huvitumia kuendesha chipu. Kwa mengine naivumilia tu.

IP-XACT ni kiwango cha IEEE 1685, kilichoanzia kwenye muungano wa SPIRIT na sasa kiko chini ya Accellera, shirika la viwango vya usanifu wa chipu. Waraka wake unapakuliwa bure. Kiwango hiki kinaeleza kwa XML, maandishi yenye tagi, kila kipande cha chipu kinavyoonekana kwa nje: milango yake, basi (njia za data) kinazotumia, anwani, rejista na biti zake.

Kabla ya hapo, mtu wa Verilog, lugha ya kueleza saketi, aliandika anwani zake, mwandishi wa dereva (programu inayoendesha kifaa) akaziandika upya kwenye faili la lugha ya C, na mwandishi wa mwongozo naye akaziandika kivyake. Biti ikihama, mmoja anajua, wawili wanashangaa. Siku hizi vyote vitatu vinazalishwa kutoka faili moja. Ninachokipenda zaidi ni kwamba tabia za rejista zina mahali rasmi pa kuandikwa. Biti inayofutika ukiiandikia 1 inatajwa hivyo, oneToClear, na rejista inayojifuta ikisomwa inawekewa readAction. Kwenye jedwali la kawaida mambo hayo hujificha kwenye safu ya "maelezo", ambayo hakuna programu inayoisoma.

Ukiwa upande wa programu pekee, CMSIS-SVD ya Arm, muundo wa faili wa kueleza rejista, nayo ni XML, inatosha. Ndiyo inayokuwezesha kuona rejista kwa majina wakati wa kusaka hitilafu, na zana ya svd2rust huigeuza kuwa msimbo wa lugha ya Rust. Chipu ikiwa na UART (saketi za mawasiliano ya mfululizo) kadhaa zinazofanana, unaeleza moja, zilizobaki unaziandikia derivedFrom. Raha tupu.

Sasa kero. Kuandika IP-XACT kwa mkono ni adhabu: rejista moja ya biti 32 yenye vikundi vichache vya biti inajaza skrini nzima. Toleo la 2009 linatumia kiambishi spirit kwenye majina ya tagi, la 2014 likabadili kuwa ipxact, kwa hiyo zana ya zamani hulikataa faili jipya hata kama yaliyomo ni yaleyale. Halafu kuna vendorExtensions, mfuko ambao kila mtengenezaji wa zana hutia chake, na zana nyingine haikielewi. Tena faili linaweza kupita ukaguzi wa skima (kanuni za muundo wa XML) huku vikundi viwili vya biti vimepandiana. Kanuni za kuzuia hilo zimo kwenye kiwango, lakini zinahitaji kikaguzi chake.

Wala usitegemee ieleze namna prosesa inavyotekeleza maagizo. Hilo linabaki kwenye Verilog au mwenzake VHDL.

Mimi huandika rejista kwa muundo mfupi, skripti inazalisha XML, kisha naikagua kwa Kactus2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Tampere. Kwa prosesa ndogo yenye vifaa viwili vitatu vya pembeni siigusi kabisa. Vikiongezeka, na timu ikawa na watu wa maunzi na wa programu, naanza nayo kabla ya mstari wa kwanza wa Verilog.