TAHADHARI: Muuzaji wa kofia ya mwanga hapa Lubumbashi

Ndugu zangu, hasa ninyi wa komuni ya Kenya na Katuba wenye wazazi wazee, ninaandika kwa hasira na aibu, kwa sababu dola 180 za matibabu ya mama nilizihesabu kwa mkono wangu mwenyewe na kumkabidhi tapeli. Mnajua jinsi mama anavyosahausahau tangu mwezi wa tatu.

Alivaa koti jeupe. Alimketisha mama, akamvika ile kofia yenye vitaa taratibu kama anayemfunga kilemba, akaeleza kwamba mwanga wake unazibua mishipa ya limfu inayoondoa uchafu ubongoni, na kwamba usahaulifu ungeisha kwa siku 30. Nilipositasita, alizima taa ya chumba, akauchukua mkono wa mama na kuuweka juu ya kitaa kimojawapo. Vidole vikawaka vyekundu hadi kwenye kucha. "Unaona, yaya? Inapenya nyama na mfupa." Mama alitabasamu, nami nikafungua mkoba.

Msidhani sikuchunguza. Usiku uliotangulia nilisoma kwenye intaneti kwamba mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walieleza mishipa ya limfu katika utando unaofunika ubongo wa panya, na kwamba wako wengine, wakiwamo wa Saratov, Urusi, wanaojaribu mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1267 kwa panya ili mishipa hiyo isafishe vizuri zaidi. Hayo yote ni kweli. Nilihakiki habari za panya, sikuihakiki kofia.

Kwenye boksi imeandikwa 1267, lakini mwanga huo jicho la binadamu haliuoni, ilhali kofia yake inawaka nyekundu kama jiko la makaa. Fundi wa redio aliifungua, akakuta vitaa vyekundu vya kawaida. Hata tochi ya simu hupenya vidole vile vile, nimejaribu. Risiti hakutoa.

Nisilomsamehe ni kumwambia mama aache vidonge vya presha wakati wa tiba hiyo, na siku ya tisa tulimkimbiza hospitali usiku. Mtu huyu akamatwe, afikishwe parke kwa waendesha mashtaka, arudishe fedha za kila mzee aliyemvika kofia, na lile koti avuliwe mbele ya watu! Duka amelifunga, jirani yake anasema amehamia upande wa Katuba. Mkimwona, msimpe nafasi ya kuzima taa, iteni polisi papo hapo.