Taa ya Kumulika Noti: Miezi Minane Kwenye Kaunta Yetu, Kibuye

Taa ninayoitathmini hapa ni ya mezani, yenye umbo la kibanda kidogo kilicho wazi upande wa mbele. Juu ina tyubu mbili nyeusi za miale ya urujuanimno (UV, isiyoonekana kwa macho), wati 6 kila moja. Chini ina taa nyeupe iliyofunikwa kwa plastiki ya ukungu. Ubavuni ina swichi mbili na lenzi ya kukuzia maandishi. Niliinunua mjini Kisumu, katika duka la vifaa vya ofisi lililoko barabara ya Oginga Odinga, kwa shilingi 2,900, na kwa miezi minane sasa imekaa kwenye kaunta ya duka letu la nafaka karibu na soko la Kibuye. Nimeridhika nayo. Hata hivyo, imenichukua muda kuelewa inachoweza kusema na isichoweza kusema, na kwa kuwa nimewaona wafanyabiashara wenzangu wakiinunua na kuanza siku hiyo hiyo kuwarudishia wateja noti halali, nimeona ni heri niandike kwa kirefu.

Anayeijua Kibuye anaijua Jumapili yake. Watu hufurika kutoka pande zote, pesa hupita mikononi upesi, na anayekaa kaunta hana nafasi ya kuitazama kila noti mara mbili. Jumatatu moja mwaka jana nilipeleka mauzo ya Jumapili benki, na karani akachomoa noti mbili za elfu moja kutoka katikati ya bunda, akazipapasa kwa kidole gumba, akaziweka kando. Zilikuwa bandia. Noti bandia haina fidia, na shilingi 2,000 kwa muuza mahindi ni faida ya magunia mengi ambayo mtu ameyabeba, ameyapima na kuyashona mdomo.

Nilirudi nikiwa na uchungu, na kwa haraka hiyo ya uchungu nikanunua tochi ndogo ya zambarau kwa shilingi 400 kutoka kwa mchuuzi. Hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote kuinunua kwa kazi hii. Tochi nyingi za aina hiyo hutoa mwanga wa takriban nanomita 395 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ambao uko mpakani kabisa mwa mwanga unaoonekana kwa macho, kwa hiyo humwaga rangi ya zambarau juu ya kila kitu na kukizamisha kile unachokitafuta. Niliimulika noti, ikawa zambarau. Nikaumulika ukurasa wa daftari, nao ukawa zambarau yenye weupe kidogo. Nikaumulika mkono wangu, ukawa zambarau vilevile. Taa ya mezani niliyonunua baadaye hutoa miale ya karibu nanomita 365, na kioo chake cheusi, cha aina iliyobuniwa na mwanafizikia Mmarekani Robert Wood, huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana na kuiachia miale ya urujuanimno ipite. Anayekwenda kununua aitafute namba hiyo, 365, kwenye kibandiko cha taa kabla ya kuuliza bei.

Tofauti niliiona jioni ya kwanza, tulipofunga mlango na kuzima taa za duka. Niliweka noti ya mia tano na karatasi nyeupe ya kuandikia bega kwa bega. Karatasi iliwaka weupe wenye buluu hata ikaangaza vidole vyangu, ilhali noti ilibaki giza, imetulia, kama kipande cha kitambaa kikuukuu. Sababu yake ni rahisi. Karatasi ya kawaida hutiwa kemikali za kuongeza weupe, na kemikali hizo hupokea miale tusiyoiona na kuirudisha ikiwa mwanga tunaouona. Jambo hili lilielezwa na mwanasayansi George Gabriel Stokes mwaka 1852. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa pamba bila kemikali hizo, kisha waundaji huongeza wino na nyuzi maalumu zinazong'aa mahali wanapotaka wao tu. Kwa hiyo ukiimulika noti unauliza maswali mawili kwa pamoja: je, karatasi imekaa giza, na je, kinachong'aa kinang'aa mahali pake? Anayechapisha noti kwa printa juu ya karatasi ya dukani huanguka kwenye swali la kwanza kabla ya kufika la pili.

Katika miezi hii minane taa imetukamatia noti tatu, zote za elfu moja, na zote ziliwaka kama ule ukurasa wa daftari. Mbili kati yake kidole kingezikamata bila taa, kwa maana zilikuwa laini mno, hazina yale maandishi yaliyoinuka ambayo ukucha huyakwaruza. Ya tatu ilikuwa imekunjwakunjwa na kuchafuliwa makusudi hata ikapata ule ulegevu wa noti iliyozunguka sana, na hiyo nakiri tungeipokea.

Sasa niseme la upande wa pili, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Mwezi wa pili wa kuitumia taa, mama mmoja auzaye omena alikuja kununua unga wa mtama. Mpwa wangu, anayekaa kaunta, aliimulika noti yake ya mia tano, ikang'aa mawingumawingu ya buluu, na palepale akamrudishia mbele ya watu. “Mama, noti yako inang'aa, hatuwezi kuipokea.” Yule mama hakupandisha sauti. Alisema, “Ilikuwa mfukoni mwa sare ya mjukuu wangu, nikaifua nayo. Sasa nimekosa wapi?” Niliposikia hivyo nilitoka stoo, nikaiomba noti. Nilipoiweka juu ya taa nyeupe ya chini, kichwa cha simba kilijitokeza wazi ndani ya karatasi, si juu yake. Nikaiinamisha, uzi wa usalama, ule utepe mwembamba uliopitishwa kwenye karatasi ya noti, ukabadilika rangi. Nikaipitisha ukucha, maandishi yakakwaruza. Ilikuwa halali. Tulimwomba radhi mama huyo mbele ya wale wale waliosikia akikataliwa.

Baada ya hapo nilifanya jaribio langu mwenyewe. Noti yangu ya shilingi hamsini niliilaza usiku kucha ndani ya maji ya sabuni ya unga, nikaisuuza, nikaianika kivulini. Ilipokauka, mchana ilionekana kama noti nyingine yoyote iliyochoka. Chini ya taa ilikuwa na madoa ya buluu, mazito kwenye mikunjo na mepesi katikati. Sabuni nyingi za kufulia zina kemikali zile zile za kuongeza weupe zilizomo katika karatasi, na zikishaingia katika pamba ya noti hazitoki kwa kusuuza. Tofauti niliyokuja kuizoea ni kwamba karatasi bandia huwaka sawasawa kutoka pembe hadi pembe, ilhali noti iliyofuliwa huwa na mabakamabaka. Katika mji ambao pesa hulala kwenye pindo la leso, mfuko wa kaptura na chini ya godoro, noti zilizofuliwa ni nyingi kuliko noti bandia, na mwenye duka asiyelijua hili atawadhulumu watu maskini wasio na hatia.

Ndiyo maana kwetu taa si hakimu wa kwanza. Mpwa wangu huanza kwa kidole, kisha mwanga mweupe kwa ajili ya kichwa cha simba, kisha kuiinamisha noti, na miale ya urujuanimno huja mwisho, pale panapokuwa na shaka au noti za elfu zinapokuwa nyingi kwa mpigo. Noti ikigoma katika hatua moja tu, tunarudia zote. Nimemfundisha pia kutoshtuka anapoona noti mbili za elfu moja zisizofanana uzi. Noti za sasa zilizinduliwa Juni 2019, na Agosti 2024 Benki Kuu ya Kenya ikatangaza noti zenye nyuzi mpya za usalama, ikianza na ile ya elfu moja, huku za 2019 zikiendelea kuwa halali. Kabla hatujalijua hilo, tulibishana kwa robo saa juu ya noti mbili ambazo zote zilikuwa nzima.

Dola ni habari nyingine, na hapo taa hii imenifurahisha kweli. Mdogo wangu hupokea dola mara kwa mara kutoka kwa wageni, naye huja kuzimulika kwetu kabla ya kuzibadilisha. Uzi wa dola hung'aa kwa rangi yake maalumu: wa noti ya 5 buluu, wa 10 chungwa, wa 20 kijani, wa 50 njano na wa 100 waridi. Jambo hili lina uzito kwa sababu kuna matapeli wanaochukua noti halisi ya dola 5, wakaifua wino wote, wakachapisha juu yake sura ya dola 100. Kalamu ya kupimia haiwezi kuigundua, maana wino wake wa ayodini hubadilika kuwa mweusi unapokutana na wanga ulio katika karatasi za kawaida, na karatasi hii ni ya noti halisi isiyo na wanga. Chini ya taa, uzi wa buluu ndani ya noti iliyoandikwa 100 unatosha kumaliza maneno. Noti ya dola 1 haina uzi kabisa, kwa hiyo asiye na taarifa asije akaikataa bure.

Kwa hati, sikuwa nimetarajia mengi. Siku moja dereva aliteremsha mzigo wa mahindi, na karatasi ya kupokelea ikasema magunia 90, ilhali sisi tulikuwa tumehesabu 80. Tuliiweka karatasi chini ya taa. Yote iliwaka buluu kama karatasi yoyote, isipokuwa pale kwenye namba, ambapo palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya harage, na tarakimu 9 imeandikwa juu yake kwa mkono uliobonyeza kalamu kuliko kwingine. Mtu alikuwa amefuta namba ya kwanza kwa jiki, na jiki ilikuwa imeua ule mng'ao wa karatasi pamoja na wino. Mwenye mzigo alipigiwa simu, akathibitisha 80. Gundi, ufutio na rangi nyeupe ya kusahihishia navyo huacha alama zinazoonekana hivyo hivyo. Vitambulisho vya wateja hatuvimuliki. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka, na duka la nafaka halina sababu ya kumweka mtu katika hali hiyo.

Kasoro za chombo zipo. Waya wake ni mfupi, hata tulilazimika kuhamisha soketi. Hakina betri, kwa hiyo stima ikipotea tunabaki na vidole na mwanga wa mlangoni. Lenzi yake ni ya plastiki na inapinda maandishi. Tuliiacha kuitumia wiki ya kwanza. Kibanda chenyewe hakina kivuli cha kutosha kwa duka linalotazama jua la asubuhi, na mchana wa Kisumu ni mkali, kwa hiyo nilikata boksi la katoni, nikaliinamisha juu yake. Baada ya hapo nyuzi na wino zilianza kuonekana hata saa sita.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya fundi na haikuwa ya taa. Mwezi wa tano tyubu moja ilikufa, na fundi akaniletea nyingine ya urefu ule ule na pini zile zile. “Mama, hii inaingia sawasawa,” alisema, na kweli iliingia. Lakini kioo chake kilikuwa cheupe, kinapitisha macho hadi ndani. Tyubu za namna hiyo ni za kuulia vijidudu. Hutoa miale ya nanomita 254, inayounguza macho na ngozi kwa muda mfupi tu, na mpwa wangu angekaa mbele yake siku nzima. Nilimwomba fundi aichomoe kabla hatujawasha. Tyubu ya kazi hii ni ya kioo cheusi, na hata hiyo haifai kukodolewa macho. Ikivunjika, ina zebaki ndani. Fungua milango, usifagie kwa mikono mitupu.

Kwa duka linalopokea noti kumi au zaidi za elfu moja kwa siku, bei ya shilingi 2,900 ni ya haki, na kwetu imekwisha kujilipa. Kwa kibanda cha mboga kinachopokea hamsini na mia, nadhani kidole na jua vinatosha, na pesa hizo zingenunua mzani mzuri.

Noti bandia ikishathibitika hatuirudishi sokoni, hata hasara ikiwa yetu, kwa sababu kuipitisha kwa mwingine ukijua ni kosa la jinai, na huyo mwingine huenda akawa muuza omena. Zile tatu nilizipeleka kituo cha polisi. Karibu na taa tumebandika bahasha yenye noti mbili za elfu moja nilizozitoa benki mwenyewe, moja ya 2019 na moja ya 2024, na kila Jumapili asubuhi, kabla ya kufungua mlango, mpwa wangu huzitoa, akazimulika kwa zamu, akayazoeza macho yake.