STC-1000 kwenye mashine ya kutotolesha: uzoefu wangu hapa Iringa

Kama unajitengenezea mwenyewe mashine ya kutotolesha vifaranga, STC-1000, kifaa kidogo cha kudhibiti joto, ninakupendekezea bila kusita. Naitumia hapa Iringa, ambako usiku wa Juni na Julai baridi inauma kwelikweli, na yai la kuku halisamehe: mashine yenye feni inatakiwa ikae karibu na nyuzi 37.5 muda wote wa siku 21.

Lalamiko ninalolisikia sana kwa wafugaji wenzangu ni hili: "Nimeifunga, namba zinasoma, kitaa cha joto kinawaka, ila balbu haiwaki." Ya jirani yangu fundi mmoja aliitazama akasema imeungua, anunue nyingine. Ilikuwa nzima kabisa. Kifaa hiki hakitoi umeme kwenda kwenye balbu. Tundu la 5 na la 6 ni swichi tu. Nyuma yapo matundu manane ya kufungia waya: 1 na 2 ya umeme unaoingia, 3 na 4 ya sensa, yaani kihisi kinachopima joto (waya zake hazina chanya wala hasi), 5 na 6 ya kupasha joto, 7 na 8 ya kupoza. Ili balbu iwake, chukua kipande cha waya kutoka kwenye waya wa moto unaoingia ukipeleke 5, kisha kutoka 6 nenda kwenye balbu, na upande wa pili wa balbu urudi kwenye nyutro. Kwa jirani kilikosekana hicho kipande tu. Tulipokiunga, ndani ya kifaa kikalia "tak" na balbu zote mbili zikawaka. Chomoa plagi kabla hujashika bisibisi, tafadhali. Na dukani soma lebo kwanza, maana zipo za volti 12 na 24 zenye sura ileile. Ya umeme wa nyumbani imeandikwa 220V.

Kuipanga ni rahisi. Shikilia kitufe cha S kwa sekunde 3 mpaka F1 itokee, mishale inakupeleka hadi F4, na kubadili namba unashikilia S huku ukibonyeza mshale. Ukimaliza bonyeza kitufe cha kuwashia, la sivyo inarudi kwenye namba za zamani. Mimi nimeweka F1, joto ninalolitaka, kuwa 37.7 na F2, kiasi linachoruhusiwa kushuka kabla balbu haijawaka tena, kuwa 0.3, ndogo kuliko zote inazokubali. Maana yake balbu inazima 37.7 na kuwaka tena ikishuka 37.4. F3 ni ya mambo ya friji, iache.

F4, ya kusahihisha usomaji wa sensa, ndiyo wengi wanairuka, na hapo ndipo mayai yanapoharibika. Funga pamoja ncha ya sensa na kipimajoto cha homa, vitumbukize kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, subiri vitulie. Kifaa kikisoma 38.4 na kipimajoto 37.8, andika -0.6 kwenye F4.

Joto likipanda na kushuka ovyo, angalia sensa imekaa wapi. Iwe usawa wa mayai, isiguse ukuta, isitazamane na balbu. Feni ya kuzungusha hewa iunge moja kwa moja kwenye umeme ifanye kazi muda wote. Balbu za LED hazina joto la maana, tafuta zile za zamani za uzi, na ufunge mbili sambamba ili moja ikiungua usiku nyingine ibaki.

Unyevu haipimi na mayai haigeuzi, kwa hiyo bakuli la maji na mkono wako bado vina kazi. Umeme ukikatika na kurudi inakumbuka namba ulizoweka. Ikiandika EE na kupiga kelele, usikimbilie dukani: kagua tundu la 3 na la 4, mara nyingi skrubu imelegea au panya ametafuna waya wa sensa, na sensa inauzwa peke yake.