Pleti za robo kilo: ndogo, ila ndizo zilizonisogeza

Pleti hizi, yaani vyuma vya duara vya kuongeza uzito kwenye baa, nilizinunua kwa ajili ya presi ya mabega, zoezi la kusukuma baa juu ya kichwa. Kwenye gym nyingi pleti ndogo kuliko zote ni ya kilo 1.25, na kwa kuwa lazima uweke moja kila upande, huwezi kuongeza chini ya kilo 2.5. Anayepiga skwati (kuchuchumaa na baa mabegani) ya kilo 100 ameongeza asilimia mbili na nusu tu. Mimi nilikuwa nasukuma kilo 25 juu ya kichwa, kwa hiyo kwangu hiyo ni asilimia kumi nzima. Nikipanda hadi 27.5, marudio matano safi yalikuwa yanageuka mawili, tena kiuno kimepinda.

Seti hii ina jozi nne: robo kilo, nusu, robo tatu na kilo moja. Ninaweka robo kila upande, na siongezi tena mpaka mizunguko yote mitatu iishe kwa marudio matano bila kuupinda mgongo. Kuna wiki uzito unabaki pale pale, na ninauacha ubaki. Misuli huzoea mzigo mapema kuliko kano, na bega ni kiungo ninachokihitaji hadi uzeeni. Ile 27.5 iliyokuwa ikinikataa nimeifikia kwa ngazi tano, na sasa inapanda mgongo ukiwa umenyooka. Nimefurahi mno. Anayeona nusu kilo ni mchezo wa watoto ajue kwamba hata mashindano ya kimataifa ya kunyanyua vyuma yaliacha ngazi ya kilo 2.5 mwaka 2005, na tangu hapo mnyanyuaji anaweza kuongeza hata kilo moja tu.

Nilizipima moja moja kwenye mizani ya jikoni, zikapishana na maandishi kwa gramu chache. Hilo ndilo la kuangalia kabla ya rangi au bei, kwa sababu pleti kubwa za kawaida zinaweza kukosea kwa gramu mia kadhaa. Ukibadilisha baa au pleti kila siku, nusu kilo yako inamezwa humo na hutajua kama umepanda au umeshuka. Mimi nimeziwekea alama pleti zangu mbili kubwa na situmii nyingine kwa zoezi hili.

Kasoro zipo. Tundu ni pana kidogo, hivyo bila kibanio zinacheza na kupiga kelele. Namba zimechongwa bila rangi, ya nusu na ya robo tatu unazichanganya kirahisi. Nimezijaza rangi ya kucha.

Kwa skwati na dedilifti (kunyanyua baa kutoka sakafuni) za anayeanza sioni haja yake, huko kilo 2.5 bado zinaingia vizuri. Ni za presi ya mabega, benchi (kusukuma baa ukiwa umelala chali), na yeyote anayenyanyua uzito mdogo. Kama baa yako ni ile nyembamba isiyo na ncha nene za milimita 50, tafuta seti yenye tundu dogo, hizi zitaning'inia.